Mbwa wa Damu Mbili Katika Nchi ya Sungura

Msafiri aondokaye London kwa gari la moshi na kushika njia ya kaskazini-mashariki hupita Ely, mji wenye kanisa kuu lionekanalo maili nyingi kabla ya kufikiwa, na mbele yake huikuta nchi tambarare ya udongo mweusi, mali tupu kwa mkulima. Lakini akikaribia mji mdogo wa Brandon huona mambo yamebadilika kwa ghafula. Udongo mweusi umekwisha, na mahali pake pana mchanga, safu za misonobari iliyopindika, na nyika za nyasi fupi. Nchi hiyo huitwa Breckland. Sehemu yake moja imo katika jimbo la Norfolk na nyingine katika jimbo la Suffolk, na mji wake mkubwa ni Thetford, yapata maili 80 kutoka London. Uingereza inajulikana kwa mvua, lakini hapa mvua haizidi sana inchi 24 kwa mwaka, na mchanga huinywa mara inaponyesha. Mkulima wa Ukambani angeielewa hali hiyo bila kuelezwa. Baridi nayo ni kali, na sakitu huweza kuanguka hata katika miezi ambayo mahali pengine watu wamekwisha kuvua makoti.

Jina la Breckland lenyewe lina habari za kilimo. Zamani shamba lililovunjwa katika nyika, likalimwa miaka michache mpaka nguvu yake ikaisha, kisha likaachwa kurudia hali yake ya kwanza, liliitwa “breck”. Desturi ya kulima na kuhama, basi, haikuwa ya Waafrika peke yao, kama wengine walivyopenda kusema. Chini ya mchanga huo kuna mwamba wa chokaa, na ndani ya chokaa mna mawe ya gumegume. Watu walichimba visima vya kuyatafuta mahali paitwapo Grime's Graves zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, na mafundi wa Brandon waliyachonga kwa ajili ya bunduki za askari wa Uingereza waliopigana na Napoleon. Vita vilipokwisha na bunduki za namna nyingine zikatokea, mafundi hao walipata wanunuzi wapya, hasa katika Afrika ya Magharibi, ambako bunduki ya gumegume iliendelea kutumika kwa miaka mingi.

Lakini kitu kilichowalisha watu wa Breckland kwa karne nyingi si jiwe wala nafaka. Ni sungura.

Sungura huyu si yule wa hadithi zetu, aliyewadanganya simba na fisi. Yule wa hadithi ni sungura wa nyikani, mwenye miguu na masikio marefu. Hachimbi shimo, hulala juu ya ardhi, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi. Sungura wa Breckland ni mfupi zaidi, hukaa katika mashimo pamoja na wenzake wengi, na watoto wake huzaliwa uchi, hawaoni. Sungura wanaofugwa katika vibanda, hata katika Kenya, ni wa ukoo wake. Wawili hao wasichanganywe, kwa sababu huko Uingereza sheria haiwachanganyi, kama itakavyoonekana.

Asili ya sungura wa mashimo ni nchi za Hispania na Ureno. Wanormani, walioiteka Uingereza mwaka 1066, ndio waliomleta kumfuga katika karne ya 12. Wakati huo alikuwa mnyama wa thamani. Hali ya hewa ilimshinda, hata ikawa lazima kumjengea matuta ya udongo laini apate kuchimba kwa urahisi. Nyama yake ilikuwa ya wakubwa, na ngozi yake ilitiwa katika mavazi yao. Sasa, nchi ambayo haikufaa kwa ngano ilimfaa sungura kabisa: mchanga mkavu usiotuama maji, rahisi kuchimbwa. Kwa hiyo maaskofu, watawa na mabwana wenye ardhi wakaigawa nyika ya Breckland kuwa mashamba ya sungura, wakaweka walinzi.

Nyumba moja ya walinzi hao iko mpaka leo, maili mbili hivi magharibi ya Thetford, katikati ya misonobari. Ilijengwa yapata mwaka 1400 kwa amri ya mkuu wa watawa wa Thetford. Kuta zake ni nene, madirisha yake membamba, na mlinzi alikaa orofani, huku chini zikiwekwa nyavu na ngozi. Mtu asiyejua habari zake angedhani ni ngome ya vita, naye asingekosea sana, maana wezi wa sungura walikuja wakiwa makundi, tena wenye silaha. Baadaye Brandon ikawa na viwanda vya kutengeneza manyoya ya sungura kwa kazi ya kofia, na wanawake wengi walipata riziki yao humo.

Sungura hawakukaa ndani ya mipaka waliyowekewa. Walitoroka, wakaizoea baridi, na kadiri kilimo kilivyoendelea wakapata chakula cha kutosha hata wakati wa baridi. Katika karne ya 19 walikuwa msiba kwa wakulima wadogo. Mpangaji aliwaona wakila ngano yake jioni, na mara nyingi hati ya kupanga ilimkataza kuwagusa, kwa kuwa uwindaji ulikuwa haki ya bwana mwenye ardhi. Sheria ya mwaka 1828 juu ya wawindaji haramu wa usiku ilikuwa na meno makali: mtu aliyeshikwa mara ya tatu aliweza kupelekwa uhamishoni ng'ambo ya bahari kwa muda wa miaka 7. Yote hayo kwa ajili ya mnyama wa ratili tatu au nne! Mwishowe, mwaka 1880, Bunge lilipitisha sheria iliyompa mkaaji wa shamba haki ya kuua sungura wa aina zote mbili juu ya ardhi anayoilima, haki ambayo hakuna mkataba unaoweza kumnyang'anya. Sheria hiyo ingali inatumika.

Katika miaka ile ya shida ndipo mbwa wa damu mbili alipopata sifa yake, nzuri na mbaya. Waingereza humwita lacha. Si mbwa wa aina moja, bali ni mtoto wa mbwa mwenye mbio, kama vile greihaundi, na mbwa wa kazi, kama vile koli wa kuchunga kondoo au teria wa kuua panya. Mtu maskini alimtaka mbwa asiyebweka, asiyevutia macho ya polisi, mwenye mbio za kutosha na akili za kutosha, ambaye akiambiwa alale chini ya ua hulala mpaka aitwe. Mbwa wa namna hiyo alitia nyama katika chungu cha watoto. Mabwana wenye ardhi walimchukia, na walinzi wao walimpiga risasi kila walipopata nafasi.

Mwindaji wa siku hizi, mwenye ruhusa ya mwenye shamba mfukoni, anahitaji zaidi ya mbwa. Anahitaji fereti. Mnyama huyu ni jamaa ya kicheche, mrefu, mwembamba, mwenye miguu mifupi, naye kama kicheche hutoa harufu mbaya akiudhika. Wengine ni weupe wenye macho mekundu, wengine ni wa rangi ya kahawia wenye alama nyeusi usoni. Amefugwa na watu kwa zaidi ya miaka 2,000. Jike lina uzito wa ratili moja na nusu au mbili, na dume huweza kufika maradufu. Haleti kitu mdomoni. Kazi yake ni kuingia ndani ya shimo tu, na sungura akisikia harufu yake hutoka mbio, maana huko chini hana silaha.

Kazi hufanyika tangu Oktoba mpaka Machi, wakati majani yamepukutika na mashimo yanaonekana, na sungura wenye watoto wachanga ni wachache. Mwindaji hufika kwa kuupinga upepo, hasemi neno, wala hakanyagi juu ya mashimo kwa kishindo. Kila mlango wa shimo hutegwa wavu wa mfuko uliofungwa kwenye kigingi, na sungura akiingia kwa nguvu wavu hujikaza wenyewe. Shimo moja huweza kuwa na milango mitano, au 20, au 50, maana ni mji kamili wenye njia kuu na vichochoro. Kisha fereti hutolewa katika sanduku lake la mbao na kuachiliwa. Kwa muda hakuna kitu. Halafu husikika mshindo chini ya ardhi, kama mtu apigaye ngoma mbali sana, na mara wavu mmoja hujaa.

Taabu huja fereti asiporudi. Kama amemkuta sungura mahali pasipo njia ya kutokea humwua, hula, kisha hulala usingizi. Zamani mwindaji alipeleka dume lililofungwa uzi wenye mafundo, akafuata uzi huo kwa sepetu, akihesabu mafundo ili kujua umbali. Siku hizi fereti huvikwa ukosi wenye mtambo mdogo upelekao ishara, na mwenyewe hutembea juu ya ardhi akiwa na chombo cha kupokelea kinachomwambia fereti yuko chini futi ngapi. Hata hivyo ni lazima kuchimba, na katika mchanga wa Breckland ukuta wa shimo huporomoka upesi. Saa moja ya kuchimba katika upepo wa Januari hutosha kumfundisha mtu kwa nini mbwa ni wa maana.

Kwa kuwa mbwa ndiye aamuaye kama kazi ianze au isianze. Kabla ya wavu hata mmoja kutegwa, mbwa hupita juu ya mashimo, akitia pua katika kila mlango. Kama sungura wamo husimama kimya, ameinua mguu mmoja, kichwa kimeinama upande, masikio mbele. Kama hawamo hupita. Mbwa mwongo, yaani yule asimamaye mbele ya shimo tupu kwa sababu ya harufu ya jana, humpotezea bwana wake nusu saa na nyavu 20. Na yule apitaye shimo lenye sungura humpotezea zaidi, ila bwana wake hatajua. Baada ya hapo mbwa hutakiwa kukaa kimya kabisa, ijapokuwa anasikia yanayotendeka chini ya miguu yake, mpaka sungura mmoja apenye pasipokuwa na wavu. Hapo hutakiwa kuwa upepo. Kisha humleta mkononi akiwa mzima, nyama haikuchanwa.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo linalowatenga mbwa wa kazi hii na mbwa wengine wote. Katika mlango ule ule atokako sungura hutoka fereti. Wote wawili ni wadogo, wote wananuka sungura, na wote hutokeza kichwa kwa ghafula. Mbwa ana muda mfupi kuliko kupepesa jicho wa kujua yupi akamatwe na yupi aachwe. Akikosea mara moja, fereti amekufa, na mara nyingi ni fereti aliyelelewa kwa mkono na watoto wa nyumba. Kwa hiyo mtoto wa mbwa huanzishwa mapema. Hukaa karibu na banda la fereti, huwazoea kila siku mkononi mwa bwana wake, huumwa pua nao na kukatazwa kulipiza, hata awaone kuwa watu wa nyumba moja. Mbwa mkubwa aliyenunuliwa kwingine, asiyepata malezi hayo, ni hatari, hata akiwa na mbio za namna gani.

Basi ni mbwa wa aina gani afaaye? Hapa wawindaji hubishana mpaka bia inakwisha. Greihaundi ana mbio kuliko wote, lakini ngozi yake ni nyembamba kama karatasi, na hapa kila ua una miiba. Tena kabla hajapata mwendo wake, sungura amekwisha kuingia shimo la jirani. Teria ana pua na ushujaa, lakini hawezi kunyamaza, na akisikia mshindo chini hutaka kuchimba mwenyewe. Koli ana akili nyingi, pengine kuliko bwana wake, lakini hakuumbwa kwa mbio fupi. Kwa sababu hiyo watu huchanganya. Mchanganyiko upendwao sana ni wa wipeti, aliye kama greihaundi mdogo, na teria wa Bedlington. Mbwa huyo wa Bedlington anatoka katika kijiji cha wachimba makaa cha Northumberland, na mtu amwonaye mara ya kwanza hudhani ni mwanakondoo aliyepotea. Lakini chini ya sufu ile mna moyo wa chui. Watoto wa wawili hao huwa na kimo cha inchi 18 au zaidi kidogo, nywele ngumu za kuwakinga na miiba, pua ya mama au ya baba, na mbio za kutosha kwa yadi 50, ambazo ndizo zinazohitajiwa. Huko Norfolk wazee walipenda zaidi damu ya koli, katika mbwa mkubwa mwenye manyoya marefu.

Chama cha mbwa kiitwacho Kennel Club, kilichoanzishwa London mwaka 1873, hakina lacha katika orodha yake ya aina za mbwa, wala wenye lacha hawaombi. Wanasema mbwa huhukumiwa katika ua wenye miiba, si juu ya zulia. Lakini mbwa wa damu mbili ana shida moja ambayo mkulima wa Kenya aijua vizuri. Mahindi chotara, yaliyoanza kutolewa Kitale mwaka 1964, huzaa sana kwa msimu wa kwanza, lakini ukipanda tena mbegu za shamba lako mwenyewe mavuno hupungua, na mimea haifanani. Ndivyo ilivyo kwa lacha. Wipeti na Bedlington huzaa watoto wanaofanana. Lakini wakizalishana watoto hao wenyewe, mmoja huja na mwili wa wipeti, mwingine na sufu tupu, na wa tatu na kelele za teria. Kwa hiyo mzalishaji mwenye busara hurudi kila mara kwenye damu safi, na hivyo yule mbwa wa maonyesho aliyedharauliwa hupata heshima yake kwa mlango wa nyuma.

Wengine hawakuridhika na mbwa wa Kiingereza, wakatafuta mbali. Wajerumani wana mbwa wa miguu mifupi na mwili mrefu, na kabila dogo kuliko yote la mbwa huyo limepewa jina la sungura. Hapimwi kwa kimo bali kwa mzunguko wa kifua, kwa sababu shimo la sungura halina habari na kimo. Katika kisiwa cha Malta kuna mbwa mwekundu mwenye masikio yaliyosimama, aitwaye kwa lugha ya huko Kelb tal-Fenek, maana yake mbwa wa sungura. Msomaji wa pwani, aliyesikia neno kelbu likitumika kwa Kiarabu na mara nyingine kwa matusi, hatahitaji mfasiri kwa nusu ya kwanza ya jina hilo. Wamalta huwinda naye kati ya kuta za mawe za mashamba ya matuta, wakiwa na nyavu na fereti aliyevikwa kengele ndogo ili wajue alipo. Waingereza walipomchukua kumwonyesha walimpa jina kubwa la mbwa wa Farao, ijapokuwa uchunguzi wa damu wa siku hizi haukukubali kuwa ukoo wake ni wa Misri ya kale.

Na yuko mmoja aliyetoka karibu nasi zaidi. Mwaka 1937 watu walisongamana katika maonyesho makubwa ya mbwa ya Crufts, London, kumtazama mbwa mdogo mwekundu mwenye mkia uliojikunja, paji la uso lenye makunyanzi, na tabia ya kutobweka. Alitoka Kongo, na aliitwa basenji. Jina hilo ni lile lile neno shenzi, ambalo watu wa misafara walilitumia kuwadharau watu wa bara. Katika misitu ya Kongo mbwa hao huvikwa kengele za mti shingoni, kwa kuwa hawabweki, na huwafukuza wanyama kuelekea nyavu zilizotandwa na wanaume. Mtu akiifikiri kazi hiyo ataona kuwa si mbali na kazi ya Breckland: wavu, kimya, na mbwa anayejua mahali pake. Mwaka 1959 mzalishaji mmoja wa Kiingereza, Bibi Veronica Tudor-Williams, alisafiri mpaka kusini mwa Sudan kutafuta damu mpya, akarudi na mbwa mwekundu aliyemwita Fula. Basenji wengi walio katika maonyesho ya dunia leo wana damu ya Fula ndani yao. Kama anafaa kwa fereti ni neno jingine. Basenji huwinda kwa macho na kwa pua, nao ni upungufu wa mbwa wengi kuwa na kimoja tu. Lakini hatii kama koli, bali husikiliza, hufikiri, kisha huamua. Mbele ya mlango wa shimo, kufikiri huko kunaweza kumgharimu mtu fereti wake.

Sheria za Uingereza juu ya mbwa hawa si nyepesi, na zimezidi kukazwa. Tangu mwaka 1953 mwenye mbwa anayewasumbua kondoo hushitakiwa, na Breckland ina kondoo wengi, pamoja na nguruwe wanaofugwa nje mashambani. Sheria ya uwindaji ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika mwaka 2005, ilikataza kuwinda wanyama wa mwitu kwa mbwa katika Uingereza na Wales. Iliacha nafasi kwa sungura wa mashimo na kwa panya, mradi mwenye ardhi ametoa ruhusa, lakini sungura wa nyikani haruhusiwi kufukuzwa. Kwa hiyo mbwa aliyefundishwa kutofautisha sungura na fereti sasa hutakiwa kutofautisha sungura na sungura. Akiinuka sungura wa nyikani katikati ya shamba, lacha mwenye damu ya greihaundi lazima aitwe, na lazima arudi. (Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na msomaji wa huku asije akadhani ruhusa ya Waingereza inamhusu.)

Yaliyotangulia yote yangeweza kuandikwa na mtu wa mwaka 1950, isipokuwa sheria. Lakini mambo ya sungura wenyewe yamegeuka. Mwaka 1953 ugonjwa uitwao miksomatosi ulionekana katika jimbo la Kent, ukaenezwa na viroboto wa sungura. Mnyama huvimba kichwa, hupofuka, hukaa njiani asikimbie. Kwa muda wa miaka miwili hivi sungura 99 hivi kwa kila 100 walikufa. Wakulima walishangilia mavuno yao. Mwaka uliofuata, 1954, Serikali ilipitisha sheria inayomlazimisha mkaaji wa ardhi kuzuia sungura wasiharibu, na ile mitego ya meno ya chuma ilipigwa marufuku mwaka 1958. Ndipo wavu na fereti vilipozidi kuthaminiwa, maana haviwatesi wanyama namna ile. Polepole sungura waliobaki waliuzoea ugonjwa, wakaongezeka tena. Kisha katika miaka ya 1990 ukaja ugonjwa mwingine, wa kutoka damu ndani ya mwili, na baadaye aina yake ya pili. Hesabu ya sungura katika Uingereza ilipungua kwa zaidi ya nusu kati ya mwaka 1996 na 2018.

Hapo ndipo Breckland ilipogundua jambo lisilotazamiwa. Nyasi zile fupi, ambazo kila msafiri alidhani ni kazi ya ukame, zilikuwa kazi ya meno ya sungura. Baada ya mwaka 1953 nyika zilianza kufunikwa na nyasi ndefu na miche ya misonobari. Maua madogo yasiyopatikana kwingi Uingereza yalikosa mwangaza. Ndege mmoja wa jamii ya chekeamwezi, mwenye macho makubwa ya manjano, ambaye hutaga mayai yake juu ya mchanga mtupu apate kuona adui kwa mbali, alikosa pa kutaga. Watu wa kuhifadhi nchi wakaanza kuleta kondoo, kisha mashine za kuchimbua majani, lakini hapana chombo kinachokata na kukwangua ardhi mchana na usiku bila mshahara kama sungura. Katika miaka ya karibuni wamerundika matawi ya miti katika nyika, ili sungura wapate mahali pa kujificha na kuchimba, na wamejenga matuta ya udongo laini. Watawa wa Thetford wangeyatambua matuta hayo mara moja.

Matokeo ni kwamba leo katika Breckland mtu huweza kusimama penye ua wa waya akawa na nchi mbili mbele yake. Upande mmoja ni nyika iliyolindwa, yenye marundo ya matawi yaliyowekwa kwa fedha ili sungura wazae. Upande wa pili ni shamba la karoti au shayiri, na mkulima ambaye sheria ya mwaka 1954 inamwamuru awazuie. Mara kwa mara waya huzikwa ardhini ili wasipite, nao hupita. Mkulima humwita mtu wa fereti, naye huja na sanduku lake, nyavu zake, na mbwa wake wa damu mbili. Kwanza huuliza mpaka uko wapi. Huutembea wote kwa miguu, mbwa akiwa nyuma ya kisigino chake, na milango ya shimo iliyo ng'ambo ya waya haitegi, hata mbwa akisimama mbele yake na kuinua mguu.